Kibao cha Tirai

Wakiuru alikuwa muuza viazi wa Chaka, wala hakuna sokoni aliyejali alikotoka. Alizaliwa msituni Mukogodo, kwa watu wa mizinga, wale wanaoishi kwa kurina asali. Mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka minne, wamisheni walimchukua. Akabatizwa, akakua, akaolewa Kieni, na jina la Wakiuru akapewa na mama mkwe. Lugha ya kwao ilimtoka polepole, naye hakuisindikiza.

Mwaka jana akaja Lennox, kijana wa chuo kikuu mwenye kinasa sauti na adabu tele. Alikuwa akikusanya maneno ya watu wa mizinga kabla wazee hawajaisha.

"Mama, wewe si ni wa huko? Utanisaidia tu kutafsiri."

Alipaswa kusema hajui. Aliona haya, akapanda gari.

Shangazi yake, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka arobaini, alikuwa ameketi mlangoni. Alimshika mkono, akamkazia macho, akasema neno moja. "Tirai." Akalirudia.

"Anasema nini?" Lennox aliuliza.

Wakiuru alijipekua, hakupata kitu. "Anasema karibu."

Lennox akaandika. Bibi yule aliendelea kungoja jibu, mkono hajauachia.

"Asante, tata," Wakiuru akasema, akimwita shangazi kwa Kikuyu cha ukweni. Ndipo akaachiliwa.

Shangazi alifariki Aprili hii, mvua zikianza, na Wakiuru akaenda maziko. Langoni mwa kijiji alikuta kibao kipya ambacho Lennox na wenzake waliwawekea wageni. Kilisomeka TIRAI, na chini yake KARIBU. Binamu yake Simeon, mrina asali, alikuwa amekiegemea.

"Sasa ndio unakuja," alisema. "Na vile tulikuwekea kibao."

"Mimi?"

"Si jina yako? Mtoto msichana akizaliwa huku, anatundikiwa mzinga, na mzinga inaitwa jina yake. Yako bado iko pale mtoni, shangazi ndiye alikuwa anachunga. Nilimsomea hii kibao mimi mwenyewe. Tirai, karibu. Alifurahi huyo mama. Kila asubuhi alikuwa anakuja hapa kuangalia kama umefika."

Wakiuru alingoja uchungu umpate. Haukuja. Alihisi ganzi tu, kuanzia mkono ule ulioshikwa hadi mdomoni. Angeweza kumweleza Simeon kosa lilikuwa la nani. Badala yake akavuta leso yake mabegani.

Gari la watalii likasimama. Wakashuka wanne, wakasoma kibao, wakamwona mama mmoja amesimama chini yake. Wakampungia mkono, kila mmoja akijaribu lile neno kwa lafudhi yake.

"Tirai," walisema. "Tirai."

"Niko," Wakiuru akaitika.