Chungu Juu ya Kaburi la Shangazi

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Ufipa inauma masikio, tulipomzika shangazi yangu Sabina. Ndiye aliyepiga nsimba, ngoma yetu ya chungu, katika harusi zote za kijiji chetu. Alisugua kigoda cha miguu mitatu juu ya chungu kilichofunikwa, nacho kikaunguruma mpaka ukakisikia kifuani. Ukikandamiza sana, kinapasuka. Ukilegeza, hakisemi kitu.

Alipougua alituomba sisi mabinti wa kaka zake jambo moja tu: "Nikifa, mnipigie nsimba hata kidogo. Msinipeleke kimya." Tukaitikia. Lakini miaka yote aliyotuita tujifunze, sisi tulikuwa mjini, kule Kizwite, tukicheza muziki wa redio. Kigoda tulikiona mambo ya washamba, sisi tulioingia mjini juzi tu!

Siku ya maziko chungu kikaletwa uani. Binamu yangu Koleta akajaribu, kikakwaruza. Nikajaribu mimi, hakikutoa hata mkwaruzo. Waombolezaji wakainamisha vichwa, jeneza likangoja.

Bibi, mama yake marehemu, hakulia. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mwanangu amewachezesha wote hapa," akasema, "na leo anaondoka kama mpita njia. Mlidhani mikono yake mtairithi kama kanga?"

Wazee wakanyanyua jeneza, tukaenda kimya. Bibi akakiweka kile chungu juu ya kaburi, mdomo chini, na hakuna aliyethubutu kukirudisha nyumbani. Mvua za mwaka ule zilikipasua. Toka hapo nsimba haijasikika kijijini kwetu. Harusi za sasa zina spika za kukodi kutoka mjini, Majengo, na vijana wanaona poa tu.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, nami nimemlea huyo mjukuu mpaka amezeeka. Ukimwona mwenye ujuzi wa ngoma au mchezo wa kwenu, mkalie karibu mikono yake ingali na nguvu. Usimrekodi kwa simu ukaondoka. Shika kigoda, ukosee, akufokee, ushike tena. Ahadi kwa mgonjwa haitimizwi na machozi.

Mimi siku yangu nitapelekwa kimya, na inaniuma. Wewe Mungu akupe mikono yenye subira, akupe na wa kuwafundisha, ili siku utakayobebwa, awepo wa kukupigia.