Kisanduku Mapajani mwa Mama

Chuoni tulikuwa na hamu ya kurusha puto hadi juu kabisa ya mawingu, limebeba kisanduku cha kupima baridi na kupiga picha. Kila kitu tulikuwa nacho isipokuwa gesi ya kulijaza, na gesi haiuzwi kwa maneno matamu. Mama yangu, ambaye huuza nyanya Kongowea, akatuambia tukachangishe sokoni. "Lakini mje na hicho kitu chenyewe," akaonya. "Watu wa soko hawachangii hadithi."

Tukaenda, mimi na mwenzangu wa chuo, kijana wa Kisauni mwenye ndevu na adabu nyingi. Kisanduku alikibeba yeye. Kilikuwa cha povu jeupe, kama vile vya kuwekea samaki na barafu, tumekizungushia utepe mweusi, nyaya zimechomoza, taa nyekundu inawaka na kuzima. Mezani kwetu kilipendeza. Pale sokoni, mikononi mwa kijana yule, nilikiona kwa macho mengine, nikaanza kuogopa kabla mtu hajasema neno.

Muuza vitunguu ndiye aliyelisema. "Bomu hilo." Hakupiga hata kelele.

Mikokoteni ikaachwa njiani. Wengi walikimbia, lakini mimi niliwaogopa waliobaki, wale vijana waliookota magongo na kuanza kutuzingira. "Wallahi ni vipimo tu, ndugu zangu," mwenzangu akasema. Niliwahi kuona mwizi wa simu akipigwa soko lile lile. Hakuulizwa swali la pili. Nilijua wataanza na mwenzangu, na ulimi wangu ulikuwa mkavu kama dagaa.

Mama akainuka kwenye stuli yake. Akapita katikati yao bila haraka, akakichukua kisanduku, akarudi kuketi, akakipakata kama mtoto wa mgeni.

"Huyu wangu, na yule mwenziwe," akasema. "Mwenye kutaka kuwapiga aanze na mimi, na hiki hapa mapajani."

Kisha akaendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu, taa ikimulika leso yake. Vijana wakatazamana. Gongo moja likashuka, na mengine yakafuata. Baadaye muuza vitunguu akaja kuchungulia, akauliza puto litafika wapi, akatoa noti bila kututazama usoni. Wenzake nao wakatoa. Pesa za haya nazo hununua gesi.

Jioni, nyumbani Magogoni, nilimkuta mama akimenya muhogo. Nikamshukuru.

"Sasa nambie kweli, mwanangu," akasema. "Kile kidude kina nini ndani?"

Nilishamweleza mara nyingi, nikidhani ananielewa. Nikamwambia tena: betri, kamera na kipimajoto.

"Hakiripuki?"

"Hakiripuki, mama."

"Haya," akasema, akakiweka kisu chini, maana mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka.