Behewa Namba 9973

Sisi tuliokua Kalemie nchi ikiitwa Zaire, kikokotoo tulikisikia tu, kama theluji. Tulihesabu kwa vidole, na kwa namba zilizopakwa kwenye mabehewa. Treni ya bandarini ilipopita nyuma ya shule, ikinuka grisi na samaki wakavu, tulishindana kutaja kinachogawanya namba ya kila behewa: kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja. Aliyekosea alibeba mifuko ya wenzake mpaka nyumbani.

Mimi nilijiona bingwa. Mama aliuza ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni, nami nilimsaidia kuzipanga mafungu sawasawa. Samaki wachache waliobaki alimwongezea mnunuzi wa kwanza bure, ndiyo matabisi. "Matabisi hatuihesabu, mwanangu," aliniambia.

Tukiwa darasa la sita, mwalimu alipata nafasi ya mwanafunzi mmoja wa kwenda naye Kabalo, kwa treni, kwenye mashindano ya hesabu. Tulibaki wawili: mimi na Yumba, binti wa fundi wa reli. Baba yake alizitengeneza reli kila siku, naye Yumba alikuwa hajawahi kupanda treni hata mara moja. Mwalimu akatuonyesha behewa bovu lililoachwa kando, namba 9973. "Kesho muniambie inagawanyika kwa ngapi."

Maharage ya jioni hayajaiva, mimi nimeshamaliza. Asubuhi nilisimama kifua mbele.

"Kumi na tatu, Mwalimu. Inaingia mara mia saba sitini na saba."

"Inabakia ngapi?"

"Mbili."

"Hiyo mbili unaipeleka wapi?"

"Njo matabisi, Mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alitoa leso akapangusa macho. Yumba hakucheka. Alikunjua karatasi ya mfuko wa simenti yenye migawanyo ishirini na tano, kila mmoja na baki lake.

"Haigawanyike, Mwalimu, ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimejaribu zile tu zisizogawanyika zenyewe, mpaka tisini na saba."

"Na kupita pale?"

"Mia mara mia inaipita. Kama ingekuwa na mugawanyi mukubwa, mwenzake mudogo ningeshamuona."

Mwalimu alikunja karatasi ile taratibu, akaitia mfukoni mwake kama barua.

Mfuko wa Yumba niliubeba mimi mpaka stesheni, kama sheria yetu ilivyotaka. Aliniinamia dirishani: "Weye, usinune. Nitakuletea matabisi." Akarudi na muwa mrefu kuliko mimi.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikajifunza jina la namba za aina ile: namba tasa. Siku hizi wanangu wanaiuliza simu, nayo inawajibu kabla hawajamaliza kupiga mwayo. Haikosei hata kidogo. Ila hakuna aliyewahi kuibebesha mfuko mpaka stesheni, wala kuiletea muwa kutoka Kabalo.