Sahani ya Jumamosi

Kaka yangu ni fundi mizani. Wauza mchele, wauza nyama, wauza misumari, wote wanamjua, na wale wenye tabia ya kupunja wateja wanamkwepa kama mgonjwa anavyokwepa sindano. Mtaani wanamwita Mizani. Mpe kifurushi akiinue kidogo tu, atakuambia kimepungua kiasi gani. Ni mtu wa maneno machache. Marehemu mama alikuwa akisema maneno yake yote nilipewa mimi, na sikatai.

Wifi yangu alikuwa mshonaji wa mapazia. Hawakujaliwa mtoto, wakabaki wawili, wakichekeshana wenyewe kwa wenyewe kama watu walioanza uchumba jana. Kila Jumamosi, kazi zikishafungwa, walivaa wakapendeza, wakaenda kula kwa Bibi Mwiko. Mgahawa wenyewe si wa kutisha: meza chache zenye vitambaa vya plastiki, feni inayozunguka kwa kujilazimisha, na dirisha dogo la kupitishia sahani kutoka jikoni. Bibi Mwiko hakujazii sahani. Wali kidogo, kipande cha samaki, mchuzi wa nyanya uliokolea, mboga ya majani pembeni, basi. Lakini watu walikuwa wakila kimya kimya mpaka wanafuta mchuzi kwa kidole.

Mimi niliona ni kujidekeza tu. Jiko lipo, sufuria zipo, kwa nini mwende kukalia viti vya watu?

"Wifi, kule sioshi vyombo," alinijibu siku moja huku akikata uzi kwa meno. "Halafu kaka yako akifika kule anaongea. Njoo siku moja umsikie."

Sikwenda. Nilijifanya nina kiburi cha mpishi.

Kisha koo la wifi likaanza kumsumbua. Tulidhani mafua, hospitali wakasema ni uvimbe, na walipokuwa wanautamka walikuwa wanatazama karatasi zao badala ya kututazama sisi. Nilihamia kwao nimsaidie. Nilipika kila kilaini ninachokijua. Uji, supu, viazi vya kuponda, ndizi za kuponda. Wifi alikuwa anachukua vijiko viwili, anasema ahsante kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, anasukuma bakuli. Na kaka, ambaye maisha yake yote hakuwahi kula kabla ya mkewe, naye anasukuma sahani yake. Alikonda mpaka mashati yakawa ya mtu mwingine. Nikajua hapa nitawazika wote wawili.

Lakini Jumamosi hawakuacha. Walikwenda polepole, wakipumzika njiani, na kaka alikuwa akirudi uso umechanua.

"Leo amemaliza sahani yake," ananiambia mlangoni. "Hakubakiza hata punje. Na mimi nimekula."

Nilitabasamu, lakini roho iliniuma, sisemi uongo. Nakoroga uji tangu alfajiri, hautakiwi. Bibi Mwiko anapakua wali wake, unamalizwa. Nilivimba wiki nzima. Nilishapanga hadi maneno nitakayomwambia yule mama siku nikikutana naye.

Jumamosi moja wifi alisahau shali yake, na kulikuwa na upepo. Nikaichukua, nikapata kisingizio. Nilipitia mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni, nikamkuta Bibi Mwiko ameinama mezani anapakua. Ya kaka ilikuwa sahani ya kawaida. Kando yake palikuwa na kisahani cha chai, kile cha kuwekea kikombe. Alikuwa amekiwekea wali wa kijiko kimoja cha kupakulia, samaki wa ukubwa wa kidole gumba, na sasa alikuwa anaudondoshea mchuzi taratibu, anapanga na jani moja la mboga, kwa umakini ambao mimi sijawahi kuutumia hata kwa mgeni.

"Hicho cha nani?" nilimuuliza.

"Cha wifi yako." Hakushtuka; shali niliyoishika alikuwa akiijua. "Alinijia mwenyewe, dada. Tulianza na nusu sahani. Ikamshinda, tukashuka kwenye sahani ya mtoto. Sasa tuko hapa. Aliniambia nimpakulie kwenye chombo atakachoweza kukimaliza, maana asipomaliza yeye, mume wake hali."



"Na kaka hajui?"

"Tumemwambia wagonjwa wote nawapakulia kwenye vyombo vidogo. Angejua ni kwa ajili yake, angekaa kimya?"

Nilichungulia kupitia lile dirisha dogo. Wifi alikuwa anakula kama mtu anayepanda ngazi: kijiko, anatulia, anavuta pumzi, kijiko kingine. Alipomaliza alikiinamisha kile kisahani kidogo ili mumewe aone, naye kaka akavuta sahani yake akaanza kula, tena kwa pupa, huku anamsimulia habari za muuza nyama aliyekuwa ameficha sumaku chini ya mizani. Wifi alicheka amejishika koo. Alikuwa kweli anaongea, kaka yangu. Mimi ambaye ulimi wangu haujui breki, siku hiyo niliufunga. Nilitundika shali kwenye msumari, nikatoka na njia niliyoingilia. Nililia hadi nyumbani.

Wifi alitutoka Jumatano, mchana, nikiwa namchana nywele.

Baada ya maziko watu walileta vyakula hadi tukakosa pa kuviweka. Kaka hakugusa. Alikaa ameshika tama, ukimwita anaitika, ukimpa chai anaishika mpaka inapoa. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Kisha siku moja akatoka chumbani amevaa shati lililopigwa pasi.

"Mdogo wangu, leo Jumamosi," alisema. "Twende."

Tulikaa kwenye meza yao. Bibi Mwiko alitoka jikoni mwenyewe, akatupa pole, akauliza atuletee nini.

"Mimi niletee kwenye kile kisahani chake," kaka akasema.

Bibi Mwiko alinitazama, nami nikatikisa kichwa. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Kaka, kwani ulijua?"

"Mimi ni fundi wa nini?" Hakuwa na hasira. "Ile nusu sahani ya kwanza, mimi ndiye niliyeipokea dirishani nikampelekea. Mkono ulijua kabla sijafika mezani."

"Na ukanyamaza?"

"Alikuwa anafurahi sana kunionyesha kimekwisha. Ningemwambia nimejua, angebaki na nini? Nikawa nakula. Kila tonge lilikuwa linanikwama, lakini nilikula, kwa sababu ndicho alichokitaka."

Kisahani kililetwa. Wali wa kijiko, samaki wa kidole gumba, mchuzi, na jani lake moja. Kaka alianza. Alikula kidogo, akatulia, akavuta pumzi, akaendelea. Katikati mkono ukasimama. Alijaribu tena, kijiko kikarudi kilivyokwenda. Alikiinua kile kisahani kwenye kiganja, akakishika hivyo kwa muda, kama anavyoshika vifurushi vya watu dukani, kisha akakirudisha mezani.

"Kumbe kilikuwa kingi hivi," alisema.