Tundu Katika Pua ya Jirani Yangu

Jumanne asubuhi mke wa jirani yangu aliniita kwenye ua unaogawanya boma zetu hapa Mumbuni. "Ameenda," akaniambia, "na yule mtu bado anakunywa chai yake vizuri." Yule mtu ni tajiri mwenye kiwanda cha ngozi nje ya mji, ambako mumewe alifanya kazi miaka mingi. Saratani ya mapafu ndiyo iliyommaliza, naye hakuwahi kuvuta sigara.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya kromiamu, chembechembe za rangi ya chungwa zinazofanya ngozi mbichi isioze. Hiyo hiyo ndiyo hung'arisha bampa za magari. Aliikoroga kwa mikono mitupu, akivuta vumbi lake, ambalo hujulikana kuleta saratani hiyo. Kwanza vidole vilifanya vidonda visivyopona, kisha pua ikawa inatoka damu. Alipoomba glavu na kitambaa cha kuziba pua, tajiri alimjibu, "Hiyo ni homa ya vumbi tu. Kama kazi imekushinda, wengine wako hapo kwa geti." Daktari alipommulika, alikuta nyama inayotenganisha matundu ya pua imelika ikatoboka. Wiki hiyo hiyo akafutwa kazi.

Hakupiga kelele. Alingoja mpaka kanisa letu lilipomwalika tajiri kuwa mgeni wa heshima, kwa sababu alikuwa ametununulia viti. Makofi yalipotulia, jirani yangu alienda mbele, akachomoa kamba ya kiatu chake, akaiingiza kwenye tundu moja la pua na kuitoa kwa la pili. "Hapa katikati kulikuwa na nyama," akasema polepole, akiivuta kamba huku na huku. "Mzee, niambie ilienda wapi." Mchungaji akaanzisha wimbo, hakuna aliyeitikia. Nilijawa na furaha isiyofaa kanisani, na sijaitubia. Kesho yake wafanyakazi walikataa kuingia kazini mpaka glavu zikaletwa. Kwa jirani yangu zilikuwa zimechelewa.

Wakati wa matanga tajiri alituma ng'ombe ndume mnono wa kulisha waombolezaji. Mjane alisimama mbele yake. "Mrudisheni. Mkimchinja, ngozi itaishia kiwandani kwake." Akarudishwa, tukala githeri, mahindi na maharagwe tu.

Kaburini tuliambiwa tusamehe. Msamaha huombwa, na tajiri huyu hajauomba; kwangu hataupata kabla ya hapo. Mimi ni mwandishi, na sisi waandishi tumezoea kuita vifo hivi ajali. Ajali haipigi hodi. Huyu tajiri alionyeshwa vidonda, akaambiwa kuhusu damu, akachagua. Basi mkisikia mtu ameuawa na kazi yake, msiulize alikuwa mzembe kiasi gani. Ulizeni nani alijua, na mlitaje jina lake mbele ya watoto wake mwenyewe.