Mama anadhani anapofuka, kumbe ni picha niliyomtengenezea

Admin, jina langu usiliweke, majirani wa mama wanasoma huu ukurasa. Nina miaka 29, kitinda mimba, nachora nyumba kwa kompyuta hapa Kakamega mjini. Mama ni mjane, fundi wa cherehani huko Iguhu. Nyanya yetu, aliyemzaa mama, alikufa kipofu, na mama ameuogopa upofu maisha yake yote.

Kaka yangu mkubwa alijitolea kumjengea mama nyumba mpya, lakini upande wa mashariki usiwe na dirisha, kwa sababu nyumba ya kaka mwenyewe ingesimama upande huo huo. Mama akakataa ile ya zamani ibomolewe. "Mimi nashonanga na mwanga wa asubuhi. Nionyesheni kwanza kama nitaona sindano."

Kaka akaniagiza picha. Programu yangu hurusha chembe za mwanga, tunaziita fotoni, zinapita dirishani na kudunda ukutani. Wewe ndiye unazipangia idadi, zidunde mara ngapi, na ziwe na nguvu kiasi gani. Nilipanga kama inavyotakiwa, chumba cha kushonea kikaonekana kina giza. Kaka akacheka. "Wewe ongeza tu hiyo mwanga. Si nyumba itakuwa yako mama akienda?" Ni kweli, kwetu nyumba ya mama hubaki na kitinda mimba. Nikapandisha nguvu ya fotoni mara nane. Mama aliishika simu yangu kwa mikono miwili akasema Mungu ni mwema, akakubali ya zamani ibomolewe.

Siku ya tatu kwenye nyumba mpya alijidunga sindano kidoleni akishona, akatuita. "Kwa picha kulikuwa na mwanga. Mbona mimi sioni?" Kaka akadakia, "Ni macho, mama. Ni yale ya nyanya." Mama akanigeukia. Nikasema ndiyo, ni macho. Nilisema hivyo na mimi mwenyewe uzi nilikuwa siuoni.

Daktari amempima, akamwambia macho ni mazima. Mama hamwamini, eti kompyuta ya mwanawe haiwezi kudanganya. Akiwa nje anaona sawa, lakini anasema hata nyanya alianza hivyo. Cherehani ameshaigawa. Jumapili nilimkuta amejifunga kitambaa machoni, anapapasa ukuta, anahesabu hatua mpaka jikoni. Aliniambia anajizoesha mapema, akipofuka kabisa asije akanisumbua.

Nikisema ukweli, namkosa mama na nyumba pia, na sitawaficha, hiyo nyumba bado naitaka. Matusi nitapokea. Ila nishaurini, nikienda kwake nimwambie nini kwanza?