Koti la Baba Katika Filamu ya Ulevi

Filamu nilizoonyeshwa utotoni zilinikasirisha karibu zote, na hasira hiyo bado ninayo. Wazungu wa Elisabethville walikuwa na sinema yao mjini, yenye viti vya kitambaa, na sisi hatukuruhusiwa hata kusimama mlangoni. Zetu zililetwa Jumapili jioni kambini kwetu, walikoishi wafanyakazi weusi. Kitambaa cheupe kilifungwa kwenye milingoti ya goli uwanjani, padri akaendesha mashine, katekista akashika mikro ya kupazia sauti na kutueleza tunachokiona, kana kwamba hatuna macho.

Za wapanda farasi zingependeza kama tungeziona nzima. Mwanamume akimkaribia mwanamke, padri aliweka kofia yake mbele ya mwanga, tukabaki gizani tukisikiliza muziki. Kofia ikiondoka, yule bwana yuko mlimani, amepanda farasi, ana jeraha begani. Nani kamjeruhi? Hatukuambiwa. Mimi mpaka leo naamini ni yule mwanamke.

Zilizotengenezwa kwa ajili yetu ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Kila mtu mweusi ndani yake alikuwa mjinga. Alinunua baiskeli, akaanguka matopeni. Alivaa viatu, akavivaa kinyume. Wanawake wanaofua na kupiga pasi kutwa nzima walionyeshwa namna ya kunawa mikono. Mama yangu alitazama ile ya kunawa mikono huku vidole vyake vimechubuka kwa sabuni, akasema, "Huyu anafundisha nani?" Watu wa karibu walicheka, na mimi nikaona fahari.

Baba hakuja kwenye sinema. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa na gogo la reli kazini, ukaunga vibaya, na kukaa chini uwanjani kulimuumiza. Alitembea akiuburuza, bega moja limeshuka, na koti lake la kijivu likining'inia upande. Pombe hakuinywa. Mama alikuwa akimtania kwamba hata ile ya harusi yao aliimwaga kisirisiri.

Alipofariki, mtani wa ukoo wetu alifanya kazi yake kama desturi inavyotaka. Kwetu, mtani ndiye anayezika, na ndiye anayeruhusiwa kuwachekesha wafiwa ili huzuni isiwaue. Alivaa koti la baba na kofia yake, akapita katikati ya waombolezaji akiburuza mguu wa kushoto, akadai chakula, akamgombeza mama kwa sauti ya baba hasa. Mama alilia, akacheka, akalia tena. Kwa kitambo kidogo baba alikuwa amerudi uani. Padri yule yule wa sinema, aliyekuja kutuombea, alisimama kando ya ua na kamera yake, akizungusha ufunguo wa kuiendesha. Hakumuuliza mtu anaona nini. Tulidhani anachukua kumbukumbu ya marehemu, tukamshukuru moyoni.

Miezi ilipita, ikaja filamu ya kutuonya juu ya ulevi. Chupa ikajaa kitambaa kizima, kisha kilabu, kisha ghafla nikaona ua wetu. Nikaona koti la kijivu. Katekista, ambaye kwao ni mbali na hakuwahi kufika msibani, akasoma alichoandikiwa: "Muone huyu mulevi. Pombe ilisha kumukamata, anashindwa kutembea. Bibi yake iko analia." Na kweli, mama yangu alikuwa pale, analia mbele ya watu wote. Uwanja ukacheka. Nilitamani kukichana kile kitambaa kwa meno.

Kesho yake mama alinishika mkono tukaenda misheni.

"Mon père," alisema, "ule muntu haiko mulevi. Ile ni koti ya bwana yangu. Tulikuwa mu kilio. Utoe ile kipande."

"Mama, ni sinema tu," padri alijibu kwa upole. "Bantu banajifunza."

Upole wake ndio ulioniudhi kuliko kila kitu. Angetufukuza ningemsamehe mapema.

Filamu ilipoonyeshwa tena, mama alikwenda na wanawake wa ukoo, na nyumba kwa nyumba walikuwa wameshaeleza lile koti ni la nani. Baba alipotokea, waliketi chini wakanyoosha miguu kama msibani, wakaanza kilio. Wanaume wakavua kofia. Hakuna aliyecheka. Katekista alianza sentensi yake, akaiacha katikati, akashusha mikro, naye akavua kofia. Nilijua jina la baba limesafishwa, nikalia kwa furaha.

Jumapili iliyofuata padri alitangaza kanisani kwamba filamu ile imetugusa kuliko zote, kwamba ameona kwa macho yake tulivyolia kwa kutubu. Kwa hiyo ataipeleka kambi nyingine. Mama aliinuka katikati ya misa akatoka nje, nami nyuma yake.

Nilipoolewa nilihamia kambi ya Kipushi. Siku moja natoka sokoni, nikakuta watoto wanacheza njiani. Mmoja alijifanya mke, analia. Mwingine alivaa koti kubwa, bega limeshuka, anaburuza mguu, na wenzake wanaimba, "Mulevi, mulevi." Kikapu kilinitoka mkononi.

"Huyu haiko mulevi," niliwaambia. "Mguu wake ulivunjika ku kazi. Ni baba yangu."

Yule mwenye koti akauliza, "Alikuwa anatembea hivi, mama?" Akaburuza tena mguu, ule wa kulia.

Nilikuwa na hasira ya kuwachapa wote. Lakini nilimvua lile koti, nikalivaa mimi, likanibana mabegani, na pale pale barabarani nikawaonyesha mguu wa kushoto.